Kitobo Kisicho na Uzi

Kikwajuni, Unguja
2 Machi 2024

Mwanangu Murshid,

Assalaam aleikum. Sote huku wazima, ila goti langu la kulia limeanza tena vituko vyake. Binti yangu Kauthar anakusalimu, mumewe anakusalimu, na Bi Muzdalifa ninayeshona naye kofia barazani anasema umemsahau. Nimemwambia hujamsahau, una kazi nyingi. Sasa usinifanye mwongo, mtumie salamu.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu yangu ikilia, Kauthar ndiye anayepokea, na Kauthar akipokea ujue mtaa mzima umepokea. Kwa hiyo salamu tutapeana kwenye simu, na maneno yetu tutayapitisha kwa Dullah, maana yeye kila baada ya mwezi mmoja au miwili yuko huko Uchina kununua mapazia na hajui kusoma mwandiko wangu.

Neno lenyewe ni hili. Jana nilikwenda Darajani kununua nyuzi. Nikaona kofia kwenye mifuko ya nailoni, sita sita, zimeshonwa kwa mashine. Nikataka kupita. Nikarudi. Lo! Mchoro wa mama yangu, Murshid! Ule wa majani ya mkarafuu yanayokimbizana na nyota katikati, ambao bibi yako aliuchora kwa kalamu ya risasi kabla baba yako hajazaliwa. Mji huu mzima tunaoushona ni wawili, mie na Bi Muzdalifa niliyemfundisha.

Nikaishika moja, nikaizungusha, nikaigeuza ndani nje, nikaitazama polepole mpaka mwenye duka akaniuliza kama natafuta chawa. Nikamuuliza zimetoka wapi. Akajibu kwa kujisifu kabisa, "Guangzhou, mama." Nikairudisha nikaenda zangu, hata nyuzi sikununua.

Unajua kofia moja hunichukua mwezi. Hizo zao mtu hununua tatu na bado akabakiwa na pesa ya urojo. Mie kazi nyingine sina, na mchoro ule ndio kitu pekee alichoniachia mama. Wewe upo huko huko. Nitafutie nani kaupeleka kwenye mashine. Sitaki kumshitaki mtu. Nataka kumjua tu, na nataka aniambie mwenyewe.

Ramadhani hiyo inabisha hodi. Ule daku, usijitie ushujaa.

Shangazi yako,
Chausiku


Guangzhou
14 Aprili 2024

Kwa Shangazi yangu Bi Chausiku,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu, si kwa umbali, bali kwa sababu Dullah aliiacha kwenye mfuko wa koti na koti akalipeleka kwa dobi. Nashukuru Mungu kwamba dobi wa hapa hupekua mifuko. Mpe Bi Muzdalifa salamu nyingi sana, mwambie namkumbuka na mabumunda yake.

Mimi mzima, kazi inakwenda. Bado niko ofisi ile ile ya mizigo, tunapokea bidhaa za wafanyabiashara wa kwetu, tunazipima, tunazifunga marobota, tunazipakia kontena. Ramadhani imepita salama. Mwenzangu wa chumba, Joachim, Mchaga wa Moshi na Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alifunga na mimi siku mbili ili aonje. Siku ya tatu nilimkuta saa sita mchana ameinamia bakuli la tambi, akaniambia, "Kaka, dini yenu naiheshimu sana."

Shangazi, mji huu mwezi huu unatoa jasho. Sitii chumvi. Kuta zinalia maji, sakafu inateleza utadhani imemwagiwa mafuta, shati nimelianika Jumatatu na leo Jumapili bado bichi. Kuna miti kama misufi yetu, ila maua yake ni mekundu, makubwa, yakianguka yanapiga kishindo. Vibibi vinayaokota na kuyakausha ili kuyatia kwenye supu. Na sasa maonyesho makubwa ya biashara yanafunguliwa, hoteli zote za barabara ya Huanshi Zhonglu zimejaa, ukiingia kwenye lifti unakuta Mkongo, Mwarabu, Mrusi, na mizani ya kupimia mabegi. Kila mtu anauliza bei na kila mtu anajibiwa "meiyou", yaani hakuna, hata kama kitu anakiona.

Kuhusu zile kofia, mji ni mkubwa na viwanda ni vingi. Nitauliza.

Picha ya Idd nimempa Dullah. Nimenenepa, usishtuke.

Mwanao,
Murshid


Kikwajuni
20 Mei 2024

Mwanangu Murshid,

Wa aleikum salaam na marahaba. Barua imefika, picha imefika. Kauthar kaibandika kwenye friji na kila anayekuja kunywa maji anasema umependeza. Hujanenepa, umevimba kwa tambi.

Umeniandikia habari ya ukuta kulia, shati kutokauka, mti gani sijui msufi, lifti, Mrusi, na kila kitu. Nimefurahi, nimecheka mbavu sina. Halafu nikatafuta habari ya kofia, nikaikuta imejibanza chini kabisa, mstari mmoja. Alaa! Mie nimekuuliza habari za kofia au za hali ya hewa?

Nikupe zangu. Idd ya mwaka jana niliuza kofia kumi na moja, maana huwa nazishona mwaka mzima na kuziweka. Safari hii nimeuza tatu, na moja kati ya hizo kanunua mume wa Kauthar kwa kunionea huruma, nikamrudishia pesa kwa hasira. Bi Muzdalifa kaweka sindano chini. Anauza barafu za ukwaju sasa. Kila asubuhi napita barazani nakaa peke yangu na mto wangu wa kushonea, na yeye yupo ng'ambo ya njia na ndoo yake, tunatazamana. Tumeshona pamoja miaka ishirini na sita. Imeniuma, wallahi, siwezi kukuficha.

Na jambo jingine. Kwenye picha ya Idd hukuvaa kofia. Kofia niliyokushonea ulipokuwa unasafiri iko wapi? Au huko Uchina kichwa hakiendi msikitini?

Jibu. Na safari hii uanze na kofia, mvua ifuate.

Shangazi yako,
Chausiku


Guangzhou
30 Juni 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na kofia kama ulivyoniamuru. Kofia yangu ipo, iko sandukuni, nzima kabisa. Siku ya Idd palikuwa na mvua, nikaogopa kuilowesha. Msikitini nilikwenda.

Sasa mvua. Shangazi, huku mvua haiulizi. Unatoka ofisini jua kali, unafika kituo cha basi umelowa mpaka soksi. Mwezi huu kulikuwa na sikukuu yao ya mashua, vijana arobaini kwenye mashua moja nyembamba, wanapiga kasia na ngoma mbele, na watu wanagawiana wali uliofungwa kwenye majani. Laobani wetu, yaani bosi, alitupa kila mmoja furushi. Joachim alikula na jani lake kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Nimezunguka kutafuta ulichonituma. Kusini ya mto kuna mtaa wa cherehani, vichochoro vyembamba hata jua haliingii, kila chumba cha chini ni kiwanda. Kazi wanaitafuta hivi: wenye viwanda wanasimama wenyewe barabarani asubuhi, mstari mrefu, kila mmoja ameinua mkononi nguo moja anayotaka kushonewa. Mafundi wanapita, wanaishika ile nguo, wanapapasa mshono, wanauliza malipo kwa kila kipande. Wakikubaliana wanafuatana. Wasipokubaliana fundi anashika nguo ya jirani. Ningependa uuone mtaa ule, ungewatukana wote kwa mishono yao.

Katika mstari ule nilimwona mama mmoja ameinua kofia. Mchoro ndio ule. Anaitwa Mama Chen.

Mengine nitakuandikia. Wananiita, kuna kontena linafungwa.

Murshid


Kikwajuni
8 Septemba 2024

Murshid,

Dullah kaja, kaondoka, kaja tena. Safari ya kwanza kaniletea majani ya chai. Safari ya pili kaniletea mwavuli na dawa ya kuchua goti, ambayo inanuka lakini inafanya kazi. Barua hakuna. Nikamuuliza, "Mwanangu hakukupa karatasi?" Akasema, "Alisema ataandika."

Mie nimekulea tangu una miaka minne. Ulipovunja birika langu la kahawa ulinifagilia uwanja siku tatu bila kuambiwa. Mtu anayeleta zawadi tatu bila barua ana jambo.

Sina haraka. Maulidi yanakaribia, nina kazi. Mama Chen huyo namngoja, na wewe nakungoja zaidi.

Shangazi yako yule yule


Guangzhou
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na wote hamjambo. Huku tumepigwa na kimbunga mwezi uliopita, shule zilifungwa, miti iling'oka, sisi tulikaa ndani siku mbili tukicheza karata na Joachim akaiba kila mchezo. Sasa mji umekuwa mzuri, joto limelegea kidogo, maonyesho ya Oktoba yanakuja tena. Basi, nimemaliza habari za hali ya hewa. Nimeianza barua hii mara tano.

Ni mimi, Shangazi. Aliyepeleka mchoro wa bibi kwenye mashine ni mimi.

Nisikilize ilivyokuwa, halafu useme utakalo. Ilikuwa Oktoba ya mwaka jana. Nilikuwa na wiki sita hapa, lugha sijui, ofisini wananiita "wewe", Joachim bado hajahamia. Mtu hata wa kunisalimia sikuwa naye. Akaja mteja wetu mmoja, Abass, muuza nguo wa Kariakoo, akaniomba nimsindikize mtaa wa cherehani akatafute wa kumtilia nakshi kwenye madera. Tukaingia kwa Mama Chen. Mimi nimevaa kofia yako. Yule mama akaacha kila kitu. Akanisogelea, akaitazama, akaniuliza kwa ishara kama anaweza kuishika. Akanikalisha, akanimiminia chai, akawaita wafanyakazi wake waje waone. Wote wakawa wanasema "piaoliang, piaoliang", nzuri, nzuri. Shangazi, nilivimba kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu katika mji huu kunitazama usoni. Nikawaambia kwa tafsiri ya simu, shangazi yangu ndiye aliyeishona, kwa mkono. Akaomba nimwachie siku mbili aitazame vizuri. Nikaivua nikampa. Nilikupa wewe sifa, na sifa nikazila mimi.

Aliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi. Nikafurahi kabisa. Mwezi Januari marobota ya Abass yakaja ofisini kwetu, nikayafungua kuhakiki, nikaona kofia. Mamia. Nilijua palepale. Na niliyafunga mwenyewe, Shangazi, kwa kamba na kwa mikono yangu, yakaenda kwenye kontena, yakaja mpaka Darajani ulikosimama. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshayajua yote, nikakuandikia habari za misufi.

Naomba unisamehe. Nilikuwa naona haya, na kila mwezi ulivyopita haya zilizidi. Joachim ndiye aliyechoka na mimi. Aliniambia, "Kama huandiki wewe, nitaandika mimi, na Kiswahili changu unakijua."

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Chen nikamwomba aache kuzishona. Sikumgombeza. Akanisikiliza, akazima mashine moja ili tusikilizane. Akaniuliza shangazi yangu hushona moja kwa siku ngapi. Nikamwambia mwezi. Kisha akaniambia kwamba yeye akiacha hakuna kitakachobadilika, viwanda vitatu vya mtaa ule vimenunua kofia yake na kuiiga. Katika mji huu mchoro hauna mwenyewe, nguo inayoinuliwa barabarani Jumatatu, Ijumaa kila mtu anayo. Alinionyesha mikono yake. Naye alianza na sindano, kijijini kwao, kabla ya mashine.

Halafu yeye akawa na swali. Wateja wanalalamika kwamba kila kofia ina kitobo kimoja kisichozungushiwa uzi, nyuma, upande wa kushoto, na kinafumuka. Anataka kujua kama ni kosa kwenye kofia yangu, akirekebishe, au ndivyo ilivyo. Nimekuja nyumbani nikaitoa yangu sandukuni nikaitazama kwenye mwanga. Kweli kipo. Vitobo vyote vina uzi, hicho kimoja kitupu. Lakini wewe huachi kitobo, Shangazi. Sijamjibu. Nimjibu nini?

Mwanao, ukikubali bado,
Murshid


Kikwajuni
28 Novemba 2024

Mwanangu, na nani kakwambia sikubali?

Assalaam aleikum. Sote wazima. Goti linaniruhusu kupanda ngazi. Barua yako ilifika wakati nakuna nazi, nikaacha nazi, nikajifungia chumbani, Kauthar akabisha hodi akidhani nimefiwa.

Nilijua, Murshid. Nilijua siku ile ile, palepale dukani, nilipokuwa nimeigeuza ile kofia na mwenye duka ananiambia natafuta chawa. Nilikuwa natafuta kitobo. Nikakikuta, nyuma, kushoto. Katika maisha yangu yote nimeshona kofia moja tu yenye kitobo kitupu, na hiyo ilikuwa kichwani kwako unapanda gari kwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa naimalizia na honi inalia nje.

Sasa utaniuliza kwa nini sikukwambia. Ningekwambia ningepata nini? Ungesema "samehe" na mie ningesema "nimesamehe", na tungekaa miaka yote sijui kama ungeniambia wewe mwenyewe. Nilitaka unijie. Umechukua miezi saba. Birika lilichukua siku tatu, lakini kofia ni kubwa kuliko birika.

Niliumia, nisikufiche. Nililia kwa mchoro wa mama. Lakini niliposoma kwamba walikukalisha wakakupa chai na ulikuwa huna wa kukusalimia, nikalia kwa jingine. Masikini wee! Wiki sita bila salamu! Ningejua ningekushonea kofia kumi ugawe.

Haya, futa machozi, nikupe la kuchekesha. Kitobo chako kimekuwa mtu mkubwa Unguja. Mwezi wa saba kaja mteja wangu wa zamani kununua kofia, akaniuliza atajuaje kama ni ya mkono. Nikamwambia, geuza, tazama nyuma kushoto, ukikuta kitobo kitupu kinachofumuka, hiyo si ya barazani kwangu. Sikusema uongo. Yenye kitobo niliyoishona mie ni moja tu, na hiyo haiuzwi. Yule bwana akamwambia mwenziwe, mwenziwe akaenda kusema msikitini. Kufika Maulidi, mji mzima unageuza kofia.

Ungekuwepo kwenye maulidi ya Kikwajuni ungejionea. Mzee Vuai, baba mkwe wa Kauthar, unamjua kwa majivuno yake, kakaa mbele kabisa, anawaambia watu kofia yake kashonewa na Bi Chausiku kwa miezi miwili. Mie nipo nyuma ya pazia na wanawake, namsikia, sijawahi kumshonea hata kifungo. Jirani yake akaomba aione. Akaivua kwa mbwembwe. Jirani akaigeuza, akaweka kidole nyuma kushoto, kidole kikatokea upande wa pili! Watu walicheka mpaka msomaji akanyamaza. Kesho yake asubuhi mzee yuko barazani kwangu, kashika kichwa, anataka kofia ya kweli na ataingoja mwezi mzima bila kuniharakisha.

Sasa nina kofia kumi na nne za kushona, peke yangu siwezi. Nilikwenda ng'ambo ya njia, nikaipindua ndoo ya barafu za ukwaju, nikamwambia Bi Muzdalifa, "Inuka." Hakuuliza kwenda wapi. Kaingia ndani kuchukua mto wake. Tuko wawili tena, na tunagombana kama zamani kuhusu nani kakata uzi vibaya.

Wale wanaotaka za bei nafuu wananunua za Mama Chen, na sina neno nao, si kila mtu ana subira ya mwezi. Mikono yake umesema umeiona. Basi mpe salamu zangu, fundi kwa fundi.

Na swali lake mjibu kweli tupu. Mwambie, kwenye kofia yangu ndivyo kilivyo. Usiongeze neno. Na usithubutu kumwambia akirekebishe, nitakuja huko mwenyewe na goti langu!

Shangazi yako,
Chausiku

Na kofia uitoe sandukuni. Imefungiwa vya kutosha.


Guangzhou
12 Januari 2025

Kwa Shangazi yangu, Bi Chausiku wa Kikwajuni,

Shikamoo, shikamoo mara kumi. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye baridi mlangoni pa hoteli aliyofikia Dullah, sikungoja kufika nyumbani. Nilicheka na kulia pamoja, Joachim akasema nina homa. Mzee Vuai! Kidole kutokea upande wa pili! Nimemsimulia kila Mzanzibari wa mtaa wa Xiaobei, sasa watu wakikutana huku hawaulizani hali, wanageuziana kofia.

Mji unafunga. Sikujua kama mji mkubwa namna hii unaweza kufungwa mithili ya duka. Mwaka mpya wao unakuja mwisho wa mwezi, na viwanda vinazima mashine kimoja kimoja. Barabara ya Guangyuan Xilu, ambako mwaka mzima huwezi kupita kwa mikokoteni na marobota, sasa unasikia viatu vyako mwenyewe. Soko la Shahe wameshusha milango ya maduka. Wafanyakazi wamebeba mabegi, ndoo, vifurushi vya nyama kavu, foleni ya stesheni imezunguka jengo. Kila mlango umewekwa mti mdogo wenye machungwa madogo, na hayaliwi, Joachim ameshajua hilo kwa njia yake. Mtu awe fundi, awe bosi, mwezi huu anakwenda kwa mamake. Nimewatazama wakiondoka wote mpaka nimeona wivu.

Kwa Mama Chen nimekwenda. Nimemkuta anafunika mashine kwa mashuka. Nikamwambia kama ulivyoniagiza: kwenye kofia yangu ndivyo kilivyo. Akafikiri, akasema, "Aa, basi ni cha bahati," akakiacha. Sikuongeza neno. Salamu zako nimempa. Akafungua kabati akatoa bunda la uzi wa hariri mweupe, wa zamani, wa kushonea kwa mkono, alioletewa na mamake alipoolewa na hakuwahi kuutumia. Amesema mashine hainywi uzi wa namna hii. Ni wako. Sitampa Dullah, ataupeleka kwa dobi.

Nitauleta mwenyewe. Laobani amenipa ruhusa. Nitafika kabla ya Ramadhani kuisha, nitakuwepo Idd, nitakaa siku ishirini na tano. Kisha nitarudi, Shangazi, nisikudanganye. Kazi naipenda, na sasa ofisini wananiita Mushi, jina la ukoo la kina Joachim, kwa kuwa Murshid limewashinda, lakini wananiita.

Kofia naivaa kila siku. Nikija, utanimalizia kile kitobo?

Mwanao,
Murshid


Kikwajuni
9 Februari 2025

Mwanangu Murshid,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, Kauthar akanisikia. Basi huna siri tena, mpaka muuza samaki ananiuliza unafika lini. Chumba chako nimekipaka chokaa. Bi Muzdalifa kaahidi mabumunda, na Mzee Vuai kaahidi kutokaa mbele.

Nimefurahi ulivyosema utarudi huko. Ungenidanganya ningejua, najua kugeuza.

Umeniuliza kama nitakimalizia. Nitakimalizia. Ila nikwambie jambo moja ambalo sikukuandikia, kwa maana na mie nina haya zangu. Siku ile ya safari honi ililia, ni kweli, lakini ulikuwa bado unaaga majirani nyumba kwa nyumba, gari lilikungoja nusu saa nzima. Kitobo kimoja ni kazi ya dakika tano. Sindano ilikuwa mkononi na uzi umo. Nilikaa kitako juu ya kitanda nikakitazama, nikaiweka sindano chini. Nilisema, akiwa na kazi haijaisha kwangu, atarudi.

Basi njoo na uzi wa mwenzangu Mama Chen, nitakizungushia huo huo. Halafu kabla hujaondoka nitakushonea kofia nyingine, mpya, mchoro ule ule. Na hiyo, mwanangu, usihesabu vitobo.

Shangazi yako anayekungoja,
Chausiku